"Diski imechoka" na hadithi nyingine za seva yenye kontena nyingi

Hapa Lubumbashi, seva yenye kontena nyingi (programu ambazo Docker huziendesha kila moja kwenye boksi lake) ikianza kuwa nzito, mteja hupiga simu akiwa ameshatoa hukumu: "Yaya, diski imechoka, utuletee ingine." Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa watu ambao NVMe yao, yaani SSD ya kasi, haijamaliza hata mwaka. Diski nzuri ya seva si kitu cha kuokota dukani mjini. Inaagizwa nje, inapanda lori, inapita mpaka wa Kasumbalesa, inalipiwa ushuru, halafu unaifunga na kukuta uzito ni uleule. Kwa hiyo nitaanza na dhana hii, na nitakaa nayo.

Diski iliyochoka kweli huwa haijifichi. `smartctl -a` itakuonyesha sekta zilizohamishwa, au kwenye NVMe asilimia ya uhai ambayo imeshatumika, na `dmesg` itajaa makosa ya kusoma na kuandika. Kama hayo hayapo, diski yako ni nzima ila ina kazi nyingi, na cha kutafuta ni nani anayeipa kazi hiyo. Hapo ndipo watu huruka moja kwa moja kwenda kuomba bei.

Hao jamaa wa juzi wana kontena zaidi ya hamsini kwenye seva moja. `free -h` inaonyesha RAM tele iliyo wazi. Lakini `iostat -x 1` inaonyesha usomaji usiokoma, sekunde baada ya sekunde, kwa hifadhidata ambayo yote haifiki GB 2. Data ndogo hivyo ilitakiwa isomwe mara moja asubuhi, kisha ibaki kwenye kashe, yaani nakala iliyo kwenye RAM. Mbona inasomwa upya mchana kutwa? Kwa sababu kuna mtu aliweka `--memory=512m`, kikomo cha RAM, kwenye kila kontena "ili zisilane". Sasa, kwenye cgroup (sehemu ya Linux inayosimamia vikomo hivyo), kashe ya faili inahesabiwa ndani ya kikomo cha kontena yenyewe. Kontena ikigusa kikomo, kerneli, kiini cha Linux, inatupa kurasa za faili ili kupata nafasi, programu inazihitaji tena muda si mrefu, diski inasoma upya. Huku RAM ya seva imekaa bure kabisa.

Kuhakikisha ni rahisi. Ingia `/sys/fs/cgroup/system.slice`, tafuta folda ya kontena hiyo, fungua `memory.stat`, angalia `workingset_refault_file`, hesabu ya kurasa za faili zilizotupwa kisha zikasomwa upya. Subiri kidogo, angalia tena. Namba ikiwa inakimbia, wacha diski ipumzike na uongeze kikomo. Tulitumia `docker update --memory=3g` pamoja na `--memory-swap`, maana ukiisahau hiyo ya pili Docker inakataa, na usomaji ukaanguka karibu na sifuri tukiwa bado kwenye simu. Hakuna kilichozimwa, hakuna kilichonunuliwa.

Chanzo cha pili ninachokikuta mara kwa mara ni jarida la ext4, yaani daftari ambamo mfumo huo wa faili wa Linux huandika mabadiliko yake. Kontena zote zilizo chini ya `/var/lib/docker`, na volumu zake (folda za data zilizo nje ya kontena), kwa kawaida zinakaa kwenye mfumo mmoja wa faili, na mfumo huo una jarida moja. Hifadhidata ya PostgreSQL ikikamilisha muamala inaomba fsync (data iandikwe diskini kweli) na kusubiri jarida lifungwe. Ndani ya jarida hilohilo kuna mabadiliko ya jirani anayefungua kifurushi kikubwa cha tar au anayefuta maelfu ya vifaili. Kwa mpangilio wa kawaida wa `data=ordered`, data ya jirani iliyokwisha kupangiwa nafasi nayo lazima ifike diskini kwanza. Basi anayelalamika ni hifadhidata, mkosaji ni kontena ya bekapu. `ext4slower` ya kifurushi cha BCC inaorodhesha kila operesheni iliyozidi milisekunde 10, pamoja na jina la programu na la faili. Ukiona herufi S nyingi kwenye safu ya T, hizo ni fsync. Dawa yangu, na wateja wangu wameshachoka kuisikia: hifadhidata ipewe partisheni yake. Si folda. Partisheni.

Na kama baada ya yote hayo bado unataka kununua, usininunulie SSD ya kompyuta ya mezani. Nunua yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika. Diski ya namna hiyo inaweza kujibu fsync mara data inapoingia kwenye kumbukumbu yake ya ndani, kwa sababu ina akiba ya nguvu ya kumalizia kuandika. Ile ya kawaida inabidi isubiri hadi data itue kwenye chipu zenyewe, na ukiweka hifadhidata tano juu yake utaona tofauti. Kwa mji ambao kura, yaani umeme, inakwenda na kurudi kama hapa kwetu, sina haja ya kueleza faida ya pili.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Kontena zimetengwa, moja haiwezi kuichelewesha nyingine." Zimetengwa kwa majina na kwa vikomo ulivyoweka wewe. Kerneli ni moja, jarida ni moja, foleni ya diski ni moja. Hata inotify, njia ya kerneli ya kuziarifu programu faili zikibadilika, ni ya pamoja: `fs.inotify.max_user_instances` kwa kawaida ni 128 kwa kila mtumiaji, na kontena zinazoendeshwa kama root bila kubadilishiwa namba za watumiaji zote zinahesabiwa kuwa mtumiaji mmoja. Ikijaa unapata "too many open files". Zikijaa zile za `max_user_watches` unaambiwa "no space left on device" huku `df` ikionyesha nusu ya diski iko wazi, na mtu anaanza kufuta logi za watu. Ujumbe huohuo hutoka pia inode (rekodi ya kila faili) zikiisha: ext4 huzigawa siku ya mkfs, yaani mfumo wa faili unapoumbwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, na imeji (violezo vya kontena) zenye vifaili vingi huzimaliza kabla ya gigabaiti. Piga `df -i` kabla hujagusa kitu.

"%util imefika 100, diski imefika mwisho." Namba hiyo ya `iostat` inasema tu kwamba muda wote kulikuwa na ombi angalau moja. NVMe inahudumia maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo 100 inaweza kuwa siku ya kawaida kabisa. Soma `r_await` na `w_await` (muda wa kusubiri), na `aqu-sz` (urefu wa foleni).

"Tumeweka cron inayosafisha kashe kila saa." Kazi hiyo ya ratiba iondoeni. Leo. Mnaitupa kazi ambayo diski imeshaifanya, halafu mnaituma iifanye upya.

"Nimepima kwa dd, inatoa gigabaiti kwa sekunde." Umepima RAM. Tumia `fio` kwa vipande vya 4k na `--fdatasync=1`, ndipo tuongee.

"overlay2 ndiyo nzito." Huo ndio mfumo wa Docker unaopanga faili za kontena kwa tabaka. Kwa kusoma, hapana, kontena zinazotumia tabaka moja la chini hata zinashiriki kashe ya faili zake. Uzito uko kwenye kuandika mara ya kwanza: ukigusa faili ya tabaka la chini, yote inanakiliwa juu, hata kama umebadilisha baiti moja. Ndiyo maana `chown -R` kwenye skripti ya kuanzia, ikizidishwa kwa kontena hamsini zinazoumbwa upya kwa pamoja, inaisimamisha seva. Weka umiliki wakati wa kujenga imeji. Data inayobadilika iende kwenye volumu, ambayo haipiti overlay hata kidogo. Anayekushauri urudi kwenye devicemapper, mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo, anasoma maandishi ya zamani. Docker 25 iliiondoa kabisa.

Na logi. `json-file`, njia ya kawaida ya Docker ya kuhifadhi logi, haina ukomo usipouweka mwenyewe. Weka `max-size` na `max-file` kwenye `daemon.json`, kisha uziumbe upya kontena, kwa sababu za zamani hazifuati mpangilio mpya.

Kwa hiyo kabla ya kunipigia, nitumie vitu vitatu vilivyochukuliwa wakati uzito unaendelea, si baada ya kuwasha upya: `iostat -x 1` ya dakika moja, `cat /proc/pressure/io`, na `io.pressure` ya kila kontena. Hizi mbili za mwisho zipo tangu Linux 4.20, zinaonyesha asilimia ya muda ambao kazi zilikwama zikisubiri diski, na wengi hawajawahi kuzifungua. Na tafadhali, iwe maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirisha katikati ya namba, siisomi tena.