Supanova Angavu Kupindukia: Kwa Nini Mwangaza Wake Hupanda Tena Baada ya Kushuka?

Baadhi ya nyota kubwa zinapolipuka hung'aa mara 10 hadi 100 kuliko supanova (milipuko ya nyota) za kawaida. Mwanaastronomia Robert Quimby na wenzake walizieleza kama kundi la pekee mwaka 2011, na hadi leo chanzo cha nishati yake kina ubishi.

Katika supanova nyingi za kawaida, mwangaza hutegemea nikeli yenye mionzi, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kila baada ya siku 6 hivi. Kwa kuwa kasi hiyo haibadiliki, mwangaza unaotoka humo ukishapita kilele hufifia tu. SN 2015bn, supanova angavu kupindukia ambayo nuru yake ilisafiri zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya kutufikia, haikufanya hivyo: ilipanda na kushuka kwa vipindi vya siku 30 hadi 50, na mabadiliko hayo yalionekana zaidi katika mwanga wa buluu na wa urujuanimno. Wala haikuwa ya ajabu peke yake, kwani uchunguzi wa supanova 34 za aina hiyo, uliotolewa mwaka 2022, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 44 na 76 huwa na vilima vya namna hiyo.

Maelezo makuu ni mawili. La kwanza ni magineta, yaani nyota ya nyutroni (kiini kilichobanwa sana kinachobaki baada ya mlipuko) yenye usumaku mkali mno, inayojizungusha mamia ya mara kwa sekunde na pengine kutoa nishati bila utaratibu. La pili ni kwamba nyota ilikwisha kutupa matabaka ya gesi kabla ya kufa, kisha mabaki ya mlipuko yakayagonga na kuyapasha moto. Matabaka hayo si dhana tupu: katika supanova iPTF16eh, mwangwi wa nuru (nuru ya mlipuko iliyorudishwa na gesi) ulifichua tabaka lililotupwa takriban miaka 30 kabla ya mlipuko. Hata hivyo, mgongano wa gesi hutarajiwa kuacha mistari myembamba katika spektra (nuru iliyotenganishwa kwa rangi zake), na SN 2015bn haikuionyesha. Kwa hiyo nadhani ni mapema kuyapa matabaka ushindi, ingawa mgongano unaweza kujificha ndani ya mabaki yenyewe.

Mchoro wa mwangaza unaopanda na kushuka kwa ulaini huafikiana na karibu kila nadharia, ilhali kilima huzibana. Lakini kilima cha wiki chache kinaweza kupotea darubini ikikaa muda mrefu bila kutazama, na ndiyo maana mpango wa darubini ya Rubin nchini Chile, wa kurudia kupiga picha anga la kusini kila baada ya siku chache, una umuhimu mkubwa.