Hemofilia haifuati ukoo wa baba

Mvulana katahiriwa, iwe Rungwe au Makete, na siku ya pili damu bado inachuruzika. Wazee wanaulizana: "Kwa baba yake yupo mwenye hali hii?" Asipopatikana, wanasema mtoto karogwa. Hapo muda wa hospitali unapotea, na inauma kwa sababu swali lenyewe limeelekezwa upande usio wake.

Hitilafu ya hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda inavyopaswa, iko kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Mama aliyeibeba mara nyingi ni mzima, pengine hedhi yake nzito tu. Kila mwanawe wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, ila binti zake wote huibeba. Basi waulizwe wajomba. Hata wao wakiwa wazima, takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo, kwa hiyo mama asilaumiwe.

Goti likivimba na kuwa la moto bila mtoto kuanguka, huenda damu inavujia ndani. Msilichue, wala msimpe aspirini au diklofenaki. Mwahisheni hospitali, mkataje habari za wajomba.