Tumbo linapokusumbua baada ya operesheni ya kupunguza uzito

Umetoka wodini, umefika nyumbani Kireka, karibu na Kampala, unajaribu kulala, alafu bega linaanza kuchoma kama umebeba gunia la mahindi usiku kucha. Bega tena, na wewe umepasuliwa tumbo! Simu nyingi zinazoingia wodini kwetu wiki ya kwanza ni za bega, na mtu anapiga huku analia akidhani kuna kitu kimekatika ndani.

Ni gesi. Wakati wa operesheni ya matundu madogo daktari anajaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi ili apate nafasi ya kuona, na ikibaki kidogo inakera ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Neva ya msuli huo inatokea shingoni, kwa hiyo ubongo unachanganya, unasema bega ndo linauma. Inaisha yenyewe kwa siku chache. Wewe tembea tu, zunguka kompaundi pole pole mara nyingi kwa siku, weka kitambaa cha moto begani, meza Panadol kwa dozi uliyoandikiwa. Soda usiguse hata kama jirani anakwambia itakutoa hewa, soda ni kuongeza gesi juu ya gesi.

Sasa tumbo lenyewe. Kwenye operesheni ya kukata tumbo liwe bomba, karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula inatolewa na kinachobaki kinafanana na ndizi moja nyembamba. Kwenye ile ya kuunganisha utumbo upya, kifuko kinachobaki ni kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Na siku hizo za kwanza hicho kidogo kimevimba ndani sababu ya kushonwa, ndo maana hata maji matupu unaskia yanashuka yakiwa mazito na yanasimama hapa kifuani.

Kuna mama mmoja wa Ntinda, siku ya sita tangu operesheni, senga yake, yaani shangazi, alikuja kumwona akamkuta amekonda uso, akamletea kikombe kizima cha obushera, yaani togwa ya nafaka. Kunywa mwanangu upate nguvu. Na wewe unajua kwetu chakula cha senga hakikataliwi, basi akanywa kama alivyozoea, mafunda makubwa, hata nusu kikombe hakufika. Kifua kikabana, mate yakaanza kujaa mdomoni yakiwa na povu jeupe linavutika kama ute wa bamia, akawa anatema kwenye beseni na kuomba Mungu. Alidhani mshono umefunguka. Haikuwa mshono, ni kwamba kitu kimekwama juu na mwili unatoa mate mengi kukisukuma. Tulimwambia aache kila kitu, akae wima, asinywe hata maji ya kusukumia, atembee kidogo. Baada ya kama saa moja kikapita. Naomba sana ndugu wa mgonjwa wasome hapa, mnampenda najua, ila wiki hizi upendo ni kumletea kijiko, kikombe kikae jikoni.

Hesabu tunayowapa ni hii: mililita 30 kila dakika 15. Weka alamu kwenye simu. Ukifanya hivyo kwa masaa 12 umefikisha karibu lita moja na nusu bila tumbo kulalamika, na wengi wanaoniambia "musawo (daktari) maji hayapiti" nikiwauliza nakuta walisahau kunywa asubuhi yote alafu saa nane wanataka kulipa deni lote mara moja. Mrija pia acha, unameza hewa nayo. Maji ya baridi kali yanawabana wengine, jaribu ya uvuguvugu. Na utakapofika kwenye chakula cha kupondwa, wengi ni wiki ya tatu hivi ila fuata ratiba ya daktari wako, usichanganye kula na kunywa, ngoja nusu saa. Matoke ya kupondwa laini yanapita, posho (ugali) ngumu bado sana.

Kuna ile unaskia njaa inakwaruza juu ya tumbo wakati umetoka kunywa supu sahii. Mara nyingi hiyo ni asidi. Ukiifuata kwa kuongeza chakula inazidi. Kama umeandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, meza asubuhi nusu saa kabla ya kitu chochote na usiiache kwa sababu siku mbili uliskia nafuu. Maziwa nayo, watu wazima wengi huku kwetu hawayasagi vizuri na baada ya operesheni inajitokeza zaidi, tumbo linanguruma, unaharisha. Jaribu bongo (maziwa mgando) isiyo na sukari, wengi inawakubali. Vitu vitamu sana, hasa kwa waliounganishwa utumbo, vinaleta moyo kwenda mbio, jasho na kizunguzungu ndani ya nusu saa, yaani juisi ya paketi inaweza kukulaza chini.

Kitu kinachonitisha kuliko povu ni duka la dawa la kona. Unaenda unasema tumbo linauma, unapewa dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen. Hizo zinachoma tumbo lililoshonwa, zinaweza kuleta kidonda pale pale kwenye maungio, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Kama ulikuwa unatumia aspirin ya moyo ongea na daktari wako kabla ya kuiacha au kuendelea. Na jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 jamani, wiki nne mpaka sita usinyanyue zaidi ya kilo 5, tafuta mtoto wa jirani akusaidie.

Jifunze kuhesabu mapigo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, simu dakika moja, ukiwa umekaa umetulia. Yakizidi 120, au homa imefika 38, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, au unapumua kwa shida, au mguu mmoja umevimba na unauma, au choo cheusi, au unatapika damu, unaenda hospitali usiku huo huo, hakuna kungoja jumatatu. Inaweza kuwa mshono unavuja au damu imeganda.

Na ukikaa siku nzima kila unachokunywa kinarudi, hiyo pia ni ya hospitali. Hapa sikiliza vizuri: mtu aliyetapika siku nyingi anaishiwa vitamini B1, na akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1 ubongo unaweza kudhurika, macho yanacheza, anayumba, anachanganyikiwa. Kliniki ndogo haiwezi kujua ulifanyiwa nini kwa kuangalia vishimo vitano tumboni, hasa nyie mlioenda kufanyiwa India au Nairobi mkarudi. Andika kwenye karatasi aina ya operesheni, tarehe, namba ya daktari aliyekufanyia, na chini kabisa kwa herufi kubwa: B1 KWANZA, GLUKOSI BAADAYE. Ikunje uiweke nyuma ya simu ndani ya kava, na aliye nyumbani nawe ajue iko hapo.