Reli ya mfano isiyopita mlangoni: dhana potofu na ukweli

Wapenzi wa treni za mfano Ulaya na Marekani hukutana kwenye kumbi, kila mmoja na kipande chake cha reli, yaani moduli. Vipande huungwa, treni zikapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Kazi yote hufanyika nyumbani, lakini mwenye neno la mwisho ni gari la kuibebea moduli.

"Nimepima buti la gari, moduli itaenea."
Umepima sakafu au mlango? Mlango wa nyuma huwa mdogo kuliko nafasi iliyo ndani: paa linashuka, kioo kimelala, na matao ya magurudumu yanakula upana. Pima palipobana kuliko pote, kisha punguza sentimita tatu au nne za vidole na blanketi. Bora zaidi, tengeneza boksi tupu la kadibodi lenye vipimo hivyo, ulipitishe kwenye ngazi na kona za nyumba hadi garini kabla hujakata mbao.

"Kimo ni kile cha fremu."
Moduli haisafiri uchi. Kawaida mbili hugeuziwa nyuso, zikafungwa kwa ubao kila upande zikawa sanduku. Chukua fremu mbili za sentimita 10. Mnara wa mfano wa 20 ukitazamana na miti ya 8, tayari ni 48. Ukitazamana na reli tupu, unabaki na 40 na kidogo. Kwa hiyo mahali pa mnara panaamuliwa na moduli ya pili, ama mnara uwe wa kuchomoka.

Na miguu? Hiyo ndiyo husahaulika. Free-mo, mojawapo ya viwango vya kutengeneza moduli ili ziungane, kinataka reli iwe inchi 50, yaani sentimita 127, kutoka sakafuni. Mguu wa kimo hicho haulali chini ya moduli ya mita moja usipokunjwa.

"Viwango vinalazimisha umbo moja."
NTRAK, kiwango kingine kilichoanzia California miaka ya 1970, ina moduli ya kawaida ya futi 2 kwa 4. Free-mo huwekea masharti ncha za kuungia tu. Katikati pinda na refusha utakavyo, mradi gari likubali.

"Nzito ndiyo imara."
Hapana. Plaiwudi ya milimita 6 yenye viimarisho vya kukingama, juu yake povu gumu, inatosha.

"Ndogo haina mchezo."
Inglenook, fumbo la kupanga mabehewa la Mwingereza Alan Wright, ina njia tatu tu, za mabehewa 5, 3 na 3. Kati ya mabehewa 8 unapanga treni ya 5 kwa kura: mipangilio 6,720! Kwa kipimo cha 1:160, yaani mfano mdogo mara 160 kuliko treni halisi, yote hukaa kwenye ubao wa mita moja.

"Kwa ndege haiwezekani."
Moduli moja ya T-TRAK, kiwango cha moduli ndogo, ina urefu wa sentimita 31 hivi na hukaa mezani, haina miguu. Mashirika mengi ya ndege hutaka urefu, upana na kimo cha sanduku visizidi sentimita 158 vikijumlishwa. Magurudumu na mpini navyo vinahesabiwa.