Je, wajua kwa nini supu ile ile huwa tamu zaidi siku ya theluji?

Januari ya mwaka juzi nilikwenda Erzurum, mashariki ya Uturuki, kumtazama mdogo wangu anayesoma huko. Mji umekaa juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na theluji ilikuwa imefika magotini. Tulitoka kwa miguu, na baada ya robo saa sikuyahisi tena masikio yangu. Tukaingia kwenye mkahawa mdogo, tukaletewa supu ya adesi, ile Waturuki wanayoiita mercimek çorbası: adesi nyekundu zilizopikwa zikalainika kabisa, juu yake siagi iliyokaangwa na pilipili kavu na nanaa, kipande cha limau, na mkate. Wallahi sijapata kunywa supu tamu kama ile.

Nikabeba nanaa na pilipili zao mpaka nyumbani Wete, Pemba. Nikaipika Februari, joto la kaskazi limeshika, kwa vipimo alivyoniandikia mdogo wangu. Shemegi yangu akanywa vijiko viwili, akafuta jasho, akaniuliza, "Ndiyo hii uliyotusimulia?" Hata mimi niliona ni supu ya adesi tu, basi.

Nini kilipotea njiani?

Si moto wa supu. Kule juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 94. Wete, karibu na bahari, yanafika 100. Sufuria yangu ndiyo iliyochemka kwa moto zaidi. Wala bakuli moja halina joto la kuupasha mwili mzima. Nusu lita ya supu yenye nyuzi 60, ikipoa mpaka nyuzi 37 za mwili wa mtu, inatoa kilokalori 11 na kitu. Joto hilo mwili wa mtu aliyekaa kimya hulitengeneza wenyewe kwa dakika kumi hivi.

Jibu kubwa limo ndani ya mnywaji. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Cabanac, mtaalamu wa utendaji wa mwili, aliandika juu ya majaribio ambayo kwangu ni mazuri kwa wepesi wake. Mtu anakaa kwenye hodhi la maji mpaka mwili upoe au upate joto, kisha anatia mkono kwenye maji mengine na kusema anayaonaje. Aliyepoa huyaona maji ya moto ni raha. Aliyepata joto huyachukia maji hayo hayo, akataka ya baridi. Ikawa vivyo hivyo kwa utamu: maji ya sukari humpendeza mwenye njaa, lakini akishashiba sukari humkinaisha. Kwa Cabanac, raha ni namna mwili unavyokuambia kwamba kitu hiki kinakufaa kwa hali uliyo nayo sasa. Erzurum mwili wangu ulikuwa unadai joto, na kila kijiko kilijibu dai hilo. Wete hapakuwa na aliyedai.

Tena Wete supu ilituongezea kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kwamba kinywaji cha moto humtoa mtu jasho zaidi, na jasho hilo likikauka lote, mwili huishia kubaki na joto kidogo kuliko wa aliyekunywa cha baridi. Lakini sharti likauke. Hewa ya Pemba wakati wa joto imejaa unyevu, jasho linabaki kutiririka shingoni. Masikini shemegi.

Pua nayo ina sehemu yake. Kwenye baridi kali vitu haviachii harufu kwa urahisi, na barabara iliyofunikwa theluji karibu hainuki chochote. Ukitoka huko ukafungua mlango, harufu ya siagi na nanaa inaikuta pua iliyopumzika. Macho pia: hewa ya nyuzi 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke wa maji katika mita moja ya ujazo, na ya nyuzi 30 hubeba hadi gramu 30. Kwa hiyo kila mlango ulipofunguliwa, mvuke wa bakuli langu uligeuka vitone hewani ukawa wingu jeupe. Kwetu unayeyuka bila kuonekana, na supu inaonekana kama imelala.

Baada ya supu walituletea chai, na hapo nilijiona niko barazani. Watu wa Erzurum hawatii sukari kwenye chai. Wanaweka kidonge kigumu cha sukari mdomoni na kupitisha chai chungu juu yake, wenyewe huita kıtlama. Si ndivyo tunavyofanya sisi na kahawa tungu, kashata shavuni? Muuza chai alicheka kuniona nimeshika mtindo bila kufundishwa.

Supu niliirudia Julai, kipupwe, usiku mvua ya rasharasha imepita na kusi linaingia dirishani. Vipimo vile vile. Shemegi alikuja amejitanda shuka, akanywa bakuli zima bila kusema neno, kisha akalisogeza mbele yangu.

"Imebaki sufuriani?"