Kwa nini viroboto hurudi wiki mbili tu baada ya mbwa kuogeshwa?

Mbwa ameogeshwa Jumamosi, amekauka, amelala bila kujikuna. Wiki mbili baadaye anajing'ata tena kiunoni usiku kucha, na mwenye mbwa anailaumu dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Viroboto wanaoonekana kwenye manyoya ni takribani asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Waliobaki ni mayai, lava (funza wadogo wanaotoka kwenye mayai) na pupa (walio kifukoni kabla ya kutoka wakubwa), nao wako pale mbwa anapolala.

Kiroboto jike akishanywa damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayo hayashiki nywele kama ya chawa. Ni laini, huteleza na kudondoka kila mbwa anapojikung'uta. Baada ya siku 2 hadi 10 hutoka lava anayekimbia mwanga, anajificha vumbini na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Akishiba hujisokotea kifuko kinachonasa mchanga na uchafu, akawa pupa. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu dawa ya kupulizia haipenyi vizuri kwenye kifuko hicho. Kwa joto la Tabora au Kigoma mzunguko wote unaweza kukamilika kwa wiki 3 au 4, lakini kiroboto aliyekomaa anaweza kukaa kifukoni miezi kadhaa akisubiri mtikisiko wa hatua, joto la mwili au pumzi ya mnyama. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu hushambulia miguu ya mtu siku anapofungua mlango.

Lava ana udhaifu mmoja mkubwa: hukauka upesi. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 hafiki mbali, na ardhi iliyochomwa na jua humuua. Kwa hiyo wakati wa kiangazi uwanja wa Tabora ulio wazi si tatizo. Tatizo ni kivuli cha mwembe chenye majani makavu, uvungu wa ghala, kona ya nyuma ya jiko, gunia kuukuu analolalia mbwa. Mvua zikianza Novemba maficho huongezeka, na Kigoma kando ya ziwa unyevu huwasaidia zaidi.

Kabla ya kutibu, hakikisha ni viroboto kweli. Mlaze mbwa, pasua manyoya kwenye shina la mkia, mapajani kwa ndani na tumboni. Kiroboto ni wa kahawia iliyoiva, urefu wa milimita 1 hadi 3, bapa ubavuni, na hukimbia kati ya nywele. Kupe hujishikiza na kuvimba; chawa hutembea polepole. Usipomwona mdudu, chana kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kisha kung'utia uchafu mweusi kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Uchafu huo ukiacha madoa mekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Udongo hautoi rangi hiyo. Tazama na masikio: mbwa anayelala karibu na banda la kuku hupata viroboto wa kuku, wanaojibandika kwenye ukingo wa sikio bila kuruka. Hao hawatoweki mpaka banda nalo lisafishwe.

Kuogesha kuna mpangilio wake. Anza na duara la povu zito shingoni, la sivyo viroboto hukimbilia kichwani, machoni na masikioni. Kisha paka mwili mzima shampuu ya mbwa, subiri dakika 5 hadi 10, chana, na kila wanaonaswa watumbukize kwenye maji ya sabuni. Maji matupu hayawazamishi kirahisi. Sabuni huua waliopo siku hiyo tu, haiachi kinga.

Kinga hutoka kwenye dawa ya matone, kama yenye fipronili, au vidonge vya kutafuna anavyoandika daktari wa mifugo. Dozi hufuata uzito, basi mpime: simama kwenye mizani umembeba, kisha toa uzito wako. Matone huwekwa kati ya mabega, juu ya ngozi yenyewe, siku 2 baada ya kuoga, na asioge tena kwa siku 2 zinazofuata. Usimwache aogelee Ziwa Tanganyika siku hizo. Dawa hizi ni sumu kali kwa samaki. Tabora angalieni nyuki: msimwage mabaki ya dawa karibu na mizinga au mahali wanaponywa maji.

Dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi huua kupe, si viroboto. Sindano ya ivermektini nayo si dawa ya viroboto. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Maji ya tumbaku, ambayo ni rahisi kuyapata Urambo na Kaliua, yana nikotini inayopenya ngozini na kuweza kumuua mbwa. Na dawa ya mbwa yenye permethrini kamwe isimguse paka.

Siku hiyo hiyo watibiwe mbwa na paka wote wa nyumbani, kila mmoja kwa dawa yake. Choma gunia la zamani. Matandiko yanayofulika yafue kwa maji ya moto, uyaanike juani. Fagia kila siku, hasa pembeni na uvunguni, na takataka uzichome badala ya kuzitupa nyuma ya nyumba. Puliza dawa mafichoni, urudie baada ya wiki 2 ili kuwapata waliotoka kwenye vifuko. Endelea na matone kila mwezi kwa miezi 3 angalau. Kuona viroboto wachache katika wiki za mwanzo ni kawaida: ni pupa wa zamani wanaototoka, watakufa wakimpanda mbwa mwenye dawa.

Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye mkundu au kinyesi, mbwa amemeza kiroboto mwenye tegu, omba dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli. Mtoto anayecheza naye anaweza kuambukizwa kwa njia hiyo hiyo.

Watoto wa mbwa walio chini ya wiki 8 wachanwe kwa kitana mara mbili kwa siku, bila dawa ambayo mtaalamu hajaikubali kwa umri wao. Inua mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wamemmaliza damu, na anapaswa kufika kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.