Dawa za saikosisi nyumbani: maswali ambayo familia huuliza baada ya kutoka kliniki

Mgonjwa ametulia kidogo, ameruhusiwa, na familia inarudi nyumbani na bahasha ya vidonge. Mara nyingi ndani ya bahasha hiyo kuna haloperidoli, dawa ya siku nyingi, ya bei nafuu, inayotumika sana katika hospitali zetu za serikali. Wengine hupewa klopromazini, olanzapini, risperidoni, au flufenazini, ile inayoitwa sindano ya mwezi. Majibu haya yanahusu hasa haloperidoli, na nitagusa zile nyingine pale zinapotofautiana nayo.

Sababu ya kuyaandika ni moja. Dawa nyingi hutupwa jalalani ndani ya wiki ya kwanza kwa sababu familia imeona jambo la kutisha na haikujua kuwa linatokana na dawa, wala kuwa lina tiba.

Haloperidoli inatibu nini hasa?

Inatibu saikosisi: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwa uthabiti kuwa watu wanakufuatilia au wamekuwekea sumu, kuzungumza maneno yasiyoshikana. Hali hiyo hutokea katika skizofrenia (ugonjwa wa akili wa muda mrefu), katika mania (msisimko wa akili uliopita kiasi), na wakati mwingine kwa sababu ya ulevi au ugonjwa wa mwili. Dawa hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa. Iligunduliwa mwaka 1958 nchini Ubelgiji, katika maabara ya Paul Janssen.

Haifanyi kazi zote kwa siku moja. Fujo na kukosa usingizi huanza kupungua ndani ya saa au siku chache, ila sauti na zile imani huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mama akiona siku ya tano kijana analala vizuri lakini bado anajibizana na mtu asiyeonekana, dawa haijashindwa. Haijapewa muda.

Mdogo wangu alichomwa sindano hospitali juzi. Jioni hii shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeuka juu na ulimi unatoka nje. Shangazi anasema ni mapepo. Tufanye nini?

Mpelekeni hospitali sasa hivi, usiku huu huu, na mkifika mwambieni mhudumu sentensi hii kabla ya nyingine zote: "Alichomwa haloperidoli juzi." Mkiwa na kadi ya kliniki au pakiti ya dawa, ichukueni.

Huu ni mkazo wa misuli unaosababishwa na dawa. Huja ndani ya saa au siku chache za kwanza, au baada ya dozi kuongezwa, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Taya linaweza kujifunga, mgongo ukapinda kwa nyuma, maneno yakatoka kwa shida. Unaweza kuachia kwa muda kisha ukarudi, na hapo ndipo watu husema pepo limetoka na kuingia tena. Wengine hudhani ni degedege au pepopunda. Ila mtazame mgonjwa vizuri: ana fahamu zake. Anawasikia, anawatambua, anaumia na anaogopa. Mwenye degedege la mwili mzima hupoteza fahamu.

Dawa ya kulegeza misuli ya aina hii ipo. Ikitolewa kwa sindano, kwa kawaida shingo hurudi mahali pake ndani ya dakika, si siku. Baada ya hapo daktari anaweza kupunguza haloperidoli, kuibadili, au kuongeza vidonge vya benzeksoli, ambavyo wengi huvijua kwa jina la Artane. Hatari kubwa ni mkazo kufika kooni. Mgonjwa akianza kukoroma akiwa macho au kuvuta hewa kwa taabu, msisubiri gari la jirani lirudi, tafuteni chochote kinachotembea.

Na mwambieni mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya upole, kwamba ni dawa na itaisha. Hofu ya jioni hiyo ndiyo humfanya akatae vidonge mwaka mzima.

Hakai. Anatembea ukumbini huku na huko, akiketi miguu inacheza, analia kwamba ndani ya mwili kunawaka. Ugonjwa umezidi?

Huenda ugonjwa umezidi, lakini kwanza shukuni dawa, hasa kama hali imeanza siku au wiki chache baada ya kuanza kuitumia au kuongezewa. Dawa humtia mtu hali ya kutotulia mwilini asiyoweza kuizuia kwa hiari. Kosa linalotokea ni familia kueleza kliniki kwamba "anasumbua tena", dozi inapandishwa, na mahangaiko yanapanda nayo. Semeni mlichokiona: anatembea, hawezi kuketi, anasema ni miguu na si sauti. Muulizeni pia kama anawaza kujidhuru, kwa sababu mateso ya namna hii yamewahi kuwafikisha watu huko. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ana homa. Tununue dawa mseto tu?

Hapa naomba msomaji asome taratibu. Homa katika nchi zetu inaweza kuwa malaria, na kupima ni lazima. Lakini anayetumia dawa za saikosisi akipata homa pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa kwa namna mpya, anaweza kuwa amepatwa na madhara ya nadra yanayoua. Hii ndiyo hali ambayo hamsubiri kumuuliza daktari kuhusu dozi inayofuata: msimpe dozi hiyo, mkimbizeni hospitali. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, bado tajeni dawa anayotumia na ule ukakamavu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Kwa aliyechomwa sindano ya mwezi, dawa haiwezi kutolewa mwilini na huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Hospitali lazima ijue tarehe ya sindano ya mwisho. Iandikeni ukutani, nyuma ya mlango, popote.

Bahasha imeandikwa "1x2". Mwezi uliopita vidonge vilikuwa vidogo, safari hii ni tofauti. Tuendelee hivyo hivyo?

Hapana, mpaka mjue ni miligramu ngapi. Haloperidoli ina vidonge vya miligramu 1.5 na vya miligramu 5, na ukubwa au rangi hutegemea kiwanda. Mtu aliyezoea kimoja asubuhi na kimoja jioni vya 1.5 hupata miligramu 3 kwa siku. Akipewa vya 5 kwa maelezo yale yale anameza 10, zaidi ya mara tatu. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, kisha daktari huongeza kidogo kidogo akiangalia.

Dirishani, kabla ya kuondoka, mwombeni mfamasia aandike kwenye bahasha jina la dawa na miligramu za kila kidonge. Ni haki yenu, na foleni iliyo nyuma itavumilia. Dawa zikikosekana hospitali mkaambiwa mkanunue nje, nendeni na bahasha ya zamani na cheti. Msikubali "inayofanana nayo" bila daktari kujua.

Akisahau dozi?

Akikumbuka mapema siku hiyo, ameze. Kama dozi inayofuata imekaribia, aruke ile iliyopita aendelee na ratiba. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Anatumia pia dawa za TB. Kuna shida?

Ipo, na haizungumzwi vya kutosha. Rifampisini hulifanya ini livunje haloperidoli upesi, hivyo dozi iliyokuwa inamtosha inaweza isimtoshe tena na sauti zikarudi. Akimaliza dawa za TB mambo hugeuka: haloperidoli hupanda mwilini, na kama dozi ilikuwa imeongezwa, madhara huanza. Kabamazepini, ya kifafa, nayo hufanya kama rifampisini. Asiache dawa ya TB wala ya kifafa. Kinachotakiwa ni kliniki zote mbili kujua, na kadi moja ionyeshwe kwenye ile nyingine.

Dawa ya kutapika iitwayo metoklopramidi huongeza mkazo na utetemekaji. Baadhi ya dawa, kwinini mojawapo, na hata dawa mseto ya malaria, zinaweza kugusa mapigo ya moyo sawa na haloperidoli. Malaria itibiwe, ila anayeitibu aambiwe, hasa kama mgonjwa ana tatizo la moyo au katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Pombe humzidishia usingizi. Bangi na mirungi huchochea ugonjwa wenyewe, hata vidonge vikimezwa kwa wakati. Na anayeendesha bodaboda apumzike kwanza mpaka ajue dawa inamfanyaje.

Hili ni la aibu kidogo. Mume wangu hawezi tena tendo la ndoa. Dada yake, anayetumia dawa hiyo hiyo, hajaona siku zake na maziwa yanatoka.

Si aibu, na ninaamini ni moja ya sababu kubwa za watu kuacha dawa kimya kimya. Haloperidoli na risperidoni hupandisha homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa. Ikipanda, hedhi husimama, matiti hutoa maziwa, hamu na nguvu za kiume hupungua. Mwanamke apimwe ujauzito kwanza, maana kukosa siku si kinga, anaweza kushika mimba. Mwelezeni daktari kwa lugha yoyote mnayoiweza, hata kwa kuandika kwenye karatasi na kumkabidhi. Dozi inaweza kupunguzwa, au dawa kubadilishwa.

Olanzapini haigusi sana upande huo, lakini huongeza njaa, unene na sukari ya damu. Anayeitumia apimwe uzito na sukari mwanzoni na mara kwa mara. Klopromazini husababisha usingizi, kizunguzungu anaposimama ghafla, na ngozi kuungua kwa urahisi juani.

Kijana anapendelea Artane kuliko dawa yenyewe. Tumwachie?

Msimwachie aishike mwenyewe. Benzeksoli husaidia mkazo na kutetemeka, lakini hukausha mdomo, huleta choo kigumu na kusahau, na wapo wanaoitumia kulewa. Si kila anayetumia haloperidoli anaihitaji daima. Kila baada ya muda ulizeni kama bado ina kazi.

Kuna jambo jingine halitibiki kwa benzeksoli: midomo na ulimi kutafuna au kulambalamba bila mtu kutaka, baada ya miezi au miaka ya dawa. Hali hii ikigunduliwa mapema kuna nafasi ya kuipunguza, ikichelewa inaweza kubaki. Tazameni mdomo wake akiwa ametulia anaangalia televisheni, na mkiona kitu kipya mkitaje kliniki.

Amepona, anafanya kazi. Kwa nini aendelee kumeza?

Kwa sababu mara nyingi kupona huko kunashikiliwa na dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu wa mara ya kwanza aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili zote kuisha. Aliyewahi kurudiwa huhitaji muda mrefu zaidi. Kuacha kunawezekana kwa baadhi ya watu, ila kwa hatua, dozi ikishushwa polepole na kliniki, nyumbani kukiwa na mtu anayejua dalili zake za mwanzo. Kwa wengi ni usingizi kupotea. Usiku wa pili asipolala, msisubiri wa saba.

Maombi yaendelee, na ndugu wa kiroho wakaribishwe. Anayetaka kumwombea hana sababu ya kumvua dawa. Mwenye kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Wengi wanaotumia dozi moja kwa siku huweza kuihamishia usiku.

Anakataa. Tumekuwa tukisaga na kumtilia kwenye uji.

Naelewa uchovu uliowafikisha hapo. Lakini uji akiuacha nusu hamjui kameza kiasi gani, mdogo wake akiumalizia amekunywa dawa isiyo yake, na siku mgonjwa akigundua, imani yake kwamba mnamtilia vitu kwenye chakula inakuwa kweli. Muulizeni ni nini hasa anachokikataa. Mara nyingi jibu liko juu huko: shingo ilipinda, miguu haikutulia, au la chumbani. Kikitatuliwa hicho, wengi hukubali, na wengine huona nafuu kuchomwa sindano ya mwezi kuliko kukumbushwa kila jioni.

Mjamzito je? Na bibi mwenye usahaulifu wa uzee?

Mjamzito asiache ghafla. Ugonjwa ukirudi unamhatarisha yeye na mtoto. Aende kliniki mapema, dozi iwe ndogo inayotosha, benzeksoli iepukwe inapowezekana, na ajifungulie hospitali, kwani mtoto anaweza kuzaliwa na usingizi mwingi au mtetemeko. Kwa bibi, dawa hizi zimeonekana kuongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Asipewe ili tu alale au asisumbue. Daktari akiona hakuna njia, iwe dozi ndogo kwa muda mfupi.

Akimeza vidonge vingi kwa mpigo?

Hospitali mara moja, hata kama anaongea vizuri. Moyo unaweza kuharibika mdundo baadaye. Msimtapishe, msimpe maziwa. Akiwa na usingizi mzito mlazeni ubavu. Bebeni pakiti, na hesabuni vilivyobaki. Nyumbani kwenye watoto, au kwenye mtu aliyewahi kuwaza kujiua, dawa hufungiwa kabatini, na anayeshika ufunguo hutoa za siku moja tu.